Kupanga Siku Sita za Likizo Unguja kwa Kufuata Maji na Pepo

Mtu anayekwenda Unguja kwa mara ya kwanza huanza kwa kutafuta hoteli, kisha tarehe, na bahari huiacha mwisho kana kwamba itakuwa pale pale wakati wote. Nimeziona familia kutoka bara, zilizolipia chumba kizuri kinachotazama maji, zikisimama ufukweni Jambiani saa 4 asubuhi na mataulo mabegani, mbele yao uwanda wa mchanga na mwani unaofika hadi kwenye mwamba ambako mawimbi yanaonekana kama uzi mweupe, na watoto wakiuliza bahari imekwenda wapi. Hakuna aliyewadanganya, ila hakuna aliyewaambia kwamba siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba lau wangefika wiki moja baadaye, au wangelala upande wa kaskazini, wangeogelea asubuhi hiyo hiyo bila shida. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na pepo na maji, na malazi, matembezi na hata chakula vinafuata nyuma yake.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo huja na joto kali, siku kavu na bahari ya uvuguvugu. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba au zaidi, hewa hupoa, mvua huwa chache, lakini fukwe za mashariki na kusini-mashariki hupigwa na upepo mchana kutwa. Upepo huo ndio unaowavutia Paje watu wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa, na huohuo humchosha mzazi mwenye mtoto mchanga. Katikati ya pepo hizo kuna masika, ambayo huanza Machi na kukolea Aprili na Mei, na vuli, ambayo hunyesha kwa manyunyu na vipindi kuanzia Oktoba au Novemba.

Mimi huwashauri watu waepuke Aprili na Mei, si kwa sababu ya mvua peke yake, bali kwa sababu hoteli nyingi za ufukweni hufunga milango katika miezi hiyo ili zikarabatiwe, na mgeni hujikuta amebakiwa na machaguo machache. Vuli haipaswi kumtisha mtu: mvua hupiga, jua hurudi, na mwishoni mwa mwaka masoko hujaa embe, shokishoki na doriani. Anayetaka kuona jambo la kienyeji lisilopatikana kwingine aje Julai, Makunduchi wanaposherehekea Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa vigomba vya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto kuuaga mwaka wa zamani. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na vyumba vya Mji Mkongwe huisha mapema.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii huangukia Februari na Machi. Mwezi huo mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni kuwavunjia heshima watu waliofunga, hata kama mlaji ni mgeni asiyehusika na funga. Anayekubali utaratibu huo atapata malipo yake jioni, kwa kuwa futari ya Unguja, yenye muhogo wa nazi, ndizi, tambi, kunde, sambusa na uji, haina mfano mwingine katika mwaka mzima.

Hatua ya pili: soma mwezi kabla ya kununua tiketi

Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja, na kwa sababu ya ziada hiyo kila tukio huchelewa kwa kama dakika 50 kutoka siku moja hadi nyingine. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, ambapo tofauti ya kina kati ya maji makubwa na maji madogo hukaribia mita 4. Katika siku za nusu mwezi huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana, pengine hadi mita 1 na kitu.

Jambo ambalo wavuvi wanalijua kwa moyo, na ambalo msafiri anaweza kulitumia akiwa bado nyumbani kwake Mwanza au Nairobi, ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki. Karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri. Wiki moja baadaye, karibu na tarehe 8 na tarehe 22, mambo hugeuka: maji hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kupwa alasiri, lakini hayaendi mbali. Kwa siku za katikati, hesabu dakika 50 kwa kila siku inayopita. Hesabu hii si badala ya jedwali la maji la nahodha, ila inatosha kumwambia mtu kama asubuhi zake zitakuwa za kuogelea au za kutembea juu ya miamba.

Tumia hesabu hiyo hivi. Ukitaka watoto waogelee asubuhi na kulala mchana, fika wiki ya maji mafu. Ukitaka kuona wanawake wakishughulikia mwani, kutembea hadi kwenye madimbwi ya mwambani na kula pweza aliyetolewa baharini siku hiyo hiyo, fika wakati wa bamvua, kwa sababu pweza huwindwa kwa miguu maji yanapokauka. Likizo ya siku sita inayoanza siku ya nne au ya tano baada ya mwezi kuandama humpatia mtu salio la bamvua mwanzoni na maji mafu mwishoni, na kwangu mimi huo ndio mpango bora kuliko yote.

Hatua ya tatu: amua utalala upande gani

Siku sita ninazigawa hivi: usiku mbili Mji Mkongwe, usiku mbili ufukweni, na usiku wa mwisho mjini tena, ili safari ya kurudi isianze kwa kukimbizana na gari alfajiri.

Kwa upande wa ufukwe, Nungwi na Kendwa zilizoko ncha ya kaskazini zina faida moja kubwa, nayo ni kwamba maji hayarudi mbali hata siku za bamvua, na kutoka Kendwa jua linaonekana likizama baharini. Gharama ya faida hiyo ni msongamano, muziki wa usiku na bei za juu. Fukwe za mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, zina bahari ya kina kifupi iliyozungukwa na mwamba, jua hutokea mbele yako asubuhi, na nyumba za kulala wageni za bei ya kati ni nyingi. Mimi humpeleka mgeni wangu Jambiani. Kijiji kimejipanga pamoja na nyumba za wageni, kiasi kwamba ukitoka chumbani unapishana na watoto wanaokwenda skuli na bibi aliyebeba kuni, na mtu anayezungumza Kiswahili hapati mahali pazuri zaidi pa kutumia lugha yake kama ufunguo.

Piga simu mwenyewe kabla ya kulipa, na uulize mambo haya kwa Kiswahili. Je, kuna bei ya mkaazi wa Afrika Mashariki? Hoteli nyingi wanayo lakini hawaitangazi. Je, bei ni ya chumba au ya mtu, na je, chai ya asubuhi imo ndani yake? Je, tozo ya miundombinu inayolipwa kwa kila usiku imejumuishwa? Je, maji ya bombani ni baridi au yana chumvi, maana visima vya karibu na ufuo mara nyingi hutoa maji ya chumvichumvi ambayo hukausha nywele na ngozi? Je, umeme ukikatika kuna jenereta, na je, kuna chandarua kisichotoboka? Paa la makuti hupendeza na hupitisha hewa, lakini huangusha vumbi na wakati mwingine mjusi, kwa hiyo mwenye hofu ya mijusi aseme mapema apewe chumba chenye dari.

Mjini, malazi yaliyo Shangani yako karibu na bahari na ni ghali, na yale ya Kiponda, Malindi na Hurumzi huwa na bei nafuu na ukimya zaidi. Nyumba hizi ni za mawe, zina kuta nene, ngazi za mwinuko mkali na mara chache huwa na lifti, na magari hayafiki mlangoni kwa sababu vichochoro ni vyembamba. Msafiri mwenye mzee au mgonjwa wa magoti aombe chumba cha chini, na aombe mtu wa nyumba hiyo ampokee kwenye barabara kubwa.

Hatua ya nne: vuka

Boti za mwendokasi kutoka Dar es Salaam hutumia kama saa mbili, na ile ya kwanza huondoka saa 1 asubuhi. Nunua tiketi kwenye dirisha la kampuni yenyewe au kwenye mtandao wake, na usimpe fedha mtu anayekudaka nje ya geti, hata akiwa na fulana yenye nembo. Fika saa nzima kabla, ukiwa na kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwani Unguja kuna ukaguzi wa uhamiaji bandarini Malindi hata kwa wanaotoka Tanganyika. Wageni wasio Watanzania wajue kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima ya wasafiri, na kila mmoja athibitishe kwenye tovuti rasmi ya bima hiyo kinachomhusu yeye na nchi yake kabla ya kuondoka.

Wakati wa kusi bahari ya katikati huchafuka. Kaa sitaha ya chini, katikati ya chombo, kula kidogo na kitu kikavu, na tazama upeo wa macho badala ya simu.

Ukishuka bandarini utakutana na mapapasi, vijana wanaomwongoza mgeni hadi hotelini ili walipwe kamisheni, ambayo mara nyingi huongezwa kimyakimya kwenye bei ya chumba chako. Wasalimie vizuri, sema kwamba umeshapata mwenyeji, na uendelee kutembea. Salamu haipotezi kitu, na Unguja anayepita bila kusalimu huonekana ama ana kiburi ama amepotea.

Hatua ya tano: Mji Mkongwe, siku ya kwanza na ya pili

Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na njia nzuri ya kuujua ni kuamka mapema. Saa 12 na nusu asubuhi vichochoro vina ubaridi, milango mikubwa yenye nakshi na vifundo vya shaba inaonekana bila umati, na unaweza kufika Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, wakati samaki wanapigwa mnada. Kutoka hapo ni hatua chache hadi Mkunazini, lilikokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kanisa la Anglikana lilijengwa juu ya uwanja huo huo, na altare yake, kwa mujibu wa mapokeo, imesimama pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna sanamu za watu watano waliofungwa minyororo ndani ya shimo. Nenda hapo ukiwa na muda, mchukue mwongozaji wa ndani, na kama una watoto wakubwa waache waulize maswali yao yote, kwa sababu watu waliouzwa hapo walitembezwa kutoka Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Manyema ya mashariki mwa Kongo, na wengi wetu tunaotoka bara ni watu wa nchi hizo hizo.

Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatoa Wareno, iko wazi na inafaa kupumzikia jua linapowaka. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, kasri alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo usipange kuingia ndani; litazame kutoka bustani ya Forodhani. Jioni ya kwanza pita Soko Muhogo, kwenye kijiwe kiitwacho Jaws Corner, ununue kahawa chungu kwa kikombe kidogo na kashata, ukae barazani usikilize mjadala wa mpira na siasa.

Kuna pia kisiwa cha Changuu, ambacho majengo yake yalikusudiwa kuwa jela mwaka 1893 lakini yakatumika kama karantini, na ambako kobe wakubwa wanaotokana na wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 bado wanatambaa. Mashua nyingi huunganisha safari hiyo na fungu la Nakupenda. Hapa hesabu ya maji inarudi: fungu ni mchanga unaojitokeza bahari inapopwa na kumezwa inapojaa, kwa hiyo mwulize nahodha saa ya maji madogo siku hiyo, na ulinganishe jibu lake na hesabu yako. Akijibu kwamba saa yoyote ni sawa, tafuta nahodha mwingine.

Hatua ya sita: kula kwa mpangilio

Asubuhi tafuta mkahawa mdogo wenye mbaazi za nazi, mandazi au chapati, na chai ya maziwa yenye iliki. Mchana ni wakati wa pilau, biriani au wali kwa mchuzi wa samaki, na mikahawa ya karibu na Darajani huwa na chakula kilichopikwa punde kati ya saa 6 na saa 8. Baada ya hapo kinachobaki kimekaa. Boko-boko, yaani ngano iliyopondwa na kupikwa pamoja na nyama hadi ikawa kama uji mzito, haipatikani kila mahali, kwa hiyo ukiiona inauzwa usipite.

Alasiri ni ya urojo. Wenyeji huula baada ya kazi, si usiku kama wageni wanavyofanya. Ni mchuzi mwepesi wa manjano uliotiwa ukali wa embe mbichi, ukwaju au ndimu, unaomiminwa juu ya vipande vya viazi, bajia, kachori na mshikaki, kisha juu yake hutiwa chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Ubora wake uko katika ule ukali: ukiwa mtamu au mzito kama sosi, umefika mahali pasipo penyewe. Tazama wapi wanawake wa mtaa wametuma watoto na bakuli, uingie hapo.

Forodhani usiku kunapendeza kwa taa, moto wa mkaa na vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani, na hakuna sababu ya kukosa. Hata hivyo nina tahadhari. Mishikaki ya pweza, kamba na samaki hupangwa mezani saa nyingi, na inayobaki huenda ikapashwa moto tena kesho. Nunua kile unachokiona kikiwa kibichi na kinachochomwa mbele yako, uliza bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni, na ukikosa uhakika chukua pizza ya Forodhani, ambayo ni chapati nyembamba inayojazwa nyama na yai na kukaangwa papo hapo, pamoja na juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi.

Shamba, yaani nje ya mji, utaratibu ni mwingine. Mikahawa midogo ya Jambiani au Paje haihifadhi chakula kingi, kwa hiyo pita asubuhi, uliza kilichotoka baharini, agiza, na useme utakula saa ngapi. Siku za bamvua agiza pweza wa nazi. Siku nyingine agiza changu au nguru wa kupaka. Anayepika kwa kuagizwa hupika vizuri zaidi, na fedha yako humfikia mvuvi siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: ufukweni na njiani

Gari za shamba ni nafuu na zina nambari: 309 huenda Jambiani, 324 Bwejuu, 116 Nungwi, 118 Matemwe. Huchukua saa moja na nusu au zaidi kwa kuwa husimama kila mahali. Familia yenye mizigo ikodi teksi, na iombe dereva asimame Jozani, kama kilomita 35 kutoka mjini, kwani mlango wa msitu uko kando ya barabara ya Paje na Jambiani. Hapo wanaishi kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake. Wamezoea watu, lakini usiwaguse wala kuwalisha, na kaa mbali nao kwa mita kadhaa. Magonjwa yetu huwaambukiza. Tiketi hiyo hiyo hukuingiza kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko.

Jambiani na Paje utaona vijiti na kamba zilizopangwa kwenye maji mafupi. Hayo ni mashamba ya mwani, ambayo wanawake wameyalima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa nyumba nyingi ndiyo ada ya skuli. Usikanyage kamba hizo, usipige picha bila ruhusa, na ukipenda kujua kazi yenyewe omba kwenda pamoja na mmoja wao na umlipe muda wake. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu kati ya mawe wamo wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu ambayo hukatikia mguuni. Geuka urudi mara tu maji yanapoanza kujaa, maana njia uliyoendea huzama kabla ya mahali uliposimama.

Anayevutiwa na pomboo wa Kizimkazi achague mashua moja inayokwenda alfajiri na kuzima mashine ikiwa mbali, asikubali ile inayowafukuza. Akiwa huko auone msikiti wa kale wa Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Avue viatu, ajifunike, na aombe ruhusa kwa mlinzi.

Mavazi ya kuogelea yabaki ufukweni. Ukivuka barabara kwenda dukani, jifunge kanga au vaa shati na suruali.

Hatua ya nane: usiku wa mwisho na kurudi

Rudi mjini mchana, kabla ya gari za shamba kuwa chache. Nunua viungo Darajani kwa wauzaji wanaokupimia kwenye mizani, si vile vifurushi vilivyoshonewa ukili kwa ajili ya watalii, kwani karafuu nzuri ukiikwaruza kwa ukucha hutoa mafuta na ile kavu haitoi kitu. Halua nunua asubuhi ya safari, iliyofungwa, na iweke kwenye mkoba wa mkononi. Makombe, kauri na matumbawe yaache baharini. Chukua boti ya saa za asubuhi, kwa sababu mara nyingi upepo huzidi mchana, na weka kitambulisho na tiketi mfuko mmoja, maana vyote viwili vitaulizwa kwenye geti la bandari kabla hujaruhusiwa kupanda.